Nasaba ya Moto Safi

Katika mazungumzo ya kila siku maji na moto ni mahasimu wasiopatana. Hapana mtoto aliyelelewa jikoni asiyejua kuwa chungu kikifurika, jiko huzimika. Elimu ya kemia haikuuvunja uhasama huo, lakini iliueleza kwa namna ambayo wazee hawakuidhania. Maji, yasema elimu hiyo, hayakuwa adui wa moto tangu awali. Maji ni jivu. Henry Cavendish wa Uingereza aliipambanua hewa iwakayo mwaka 1766, na katika miaka ya 1780 akaonyesha kuwa hewa hiyo ikiungua huacha maji matupu. Lavoisier wa Ufaransa akaipa jina la hidrojeni, maana yake mzazi wa maji. Basi kila tone lililomo baharini, mtungini na katika damu ya mwanadamu ni hidrojeni iliyokwisha kuungua. Jivu halishiki moto, na ndiyo sababu maji huuzima.

Kwa hiyo, mtu anayetaka kupata hidrojeni kutoka majini hachimbui hazina iliyofichwa. Ataka kulirudisha jivu liwe kuni tena. Jambo hili lawezekana, lakini lina sharti moja lisilo na huruma. Moto ulipowaka ulitoa joto, na joto lote hilo halina budi kurejeshwa, na ziada juu yake. Maji hayasamehi deni. Mwaka 1800 Nicholson na Carlisle, katika mji wa London, walililipa deni hilo kwa umeme wa betri iliyobuniwa na Volta, na mapovu yakatokea pande mbili za chombo. Tangu siku ile swali halikuwa tena kama maji yaweza kupasuliwa, bali lilikuwa ni nani atakayelipa. Jules Verne, katika riwaya yake ya kisiwa cha siri iliyotoka mwaka 1874, alimpa mhusika wake mmoja imani kuwa maji yatakuwa makaa ya mawe ya wakati ujao. Mhusika yule alitaja umeme, wala hakusema umeme wenyewe utatoka wapi. Na wasomaji walipendezwa mno hata hawakumwuliza.

Aliyemtaja mlipaji waziwazi alikuwa Giacomo Ciamician, mwalimu wa kemia katika chuo kikuu cha Bologna. Katika hotuba aliyoitoa New York mwaka 1912 aliwaambia wenzake kuwa makaa ya mawe ni nuru ya jua la kale iliyowekwa akiba, na kuwa watu wa zama zake walikuwa wakiila akiba hiyo kama warithi wapotevu. Aliona kwa jicho la fikira nchi kame zikiwa zimetandikwa mabomba ya kioo, na viwanda visivyo na moshi vikifanya kazi humo kwa nuru ya siku ileile. Watu walimsikiliza kwa heshima, kisha wakarudi kwenye makaa yao.

Miaka 55 ilipita. Mwaka 1967 mwanafunzi wa chuo kikuu cha Tokyo, Akira Fujishima, chini ya uangalizi wa mwalimu wake Kenichi Honda, alitia kipande cha dayoksaidi ya titani katika maji, akakiunganisha kwa waya na kipande cha platini, akakimulika kwa taa kali. Mapovu yakapanda, ingawa hapakuwa na betri ya kuwalipia. Habari hiyo walipoiandika katika jarida la Nature mwaka 1972 iliwashangaza watu; na bei ya petroli ilipopanda ghafula mwaka 1973 iliwashangaza zaidi. Kitu chenyewe hakikuwa cha ajabu: dayoksaidi ya titani ndiyo iifanyayo rangi ya ukutani kuwa nyeupe. Nuru ikikipiga kitu hicho huing'oa elektroni mahali pake. Elektroni hukimbilia kwenye platini na huko huifungua hidrojeni. Pengo lililoachwa nyuma huinyang'anya maji elektroni nyingine, na oksijeni hutoka. Illa rangi nyeupe ni nyeupe kwa kuwa huirudisha karibu nuru yote ionekanayo. Inayoipokea ni mionzi ya urujuanimno tu, nayo haizidi sehemu 5 hivi kwa 100 za nguvu ya jua ifikayo ardhini. Mlipaji alikwisha patikana, lakini mfuko wake ulifunguliwa kwa tundu la sindano.

Hapa ndipo swali la maadili linapoingia, nalo limejificha ndani ya neno dogo. Moto huu huitwa safi. Kila andiko juu yake husema hivyo, na aghalabu neno hilo hupita bila kukaguliwa. Lakini Kiswahili kina matumizi mawili ya neno safi, nayo hayafanani. Sahani husemwa safi kwa kutazamwa. Fedha husemwa safi kwa kuulizwa ilikotoka. Mwosha vyombo haulizwi historia ya sahani, maadamu haina doa. Lakini noti ya mwizi na noti ya kibarua zimechapwa na mtambo mmoja, na huenda ya mwizi ndiyo mpya zaidi. Hapana jicho litakalozitenga. Usafi wa kwanza umo katika kitu chenyewe. Wa pili umo katika nasaba yake.

Hidrojeni ni ya kundi la fedha. Haina rangi wala harufu, na mnunuzi akipewa chupa mbili, moja ya hidrojeni iliyotolewa majini kwa nuru ya jua na nyingine iliyotolewa katika makaa ya mawe, hana jicho wala pua ya kuzipambanua. Zote mbili zikiwashwa hutoa maji. Mwaka 2022 dunia ilitumia yapata tani milioni 95 za hidrojeni, kwa kutengeneza mbolea, kwa kusafishia mafuta ya petroli na kwa kazi nyingine za viwandani. Sehemu kubwa yake ilitoka katika gesi asilia na makaa ya mawe. Iliyopatikana kwa njia zenye uchafu mdogo haikufika sehemu 1 kwa 100. Kila kilo 1 inayotolewa katika gesi asilia huacha nyuma yake kilo 9 au 10 za hewa ya ukaa. Kilo hiyo ikitumiwa katika basi la mjini hutoa mvuke mweupe usiomdhuru mtu, na abiria husifu. Moshi wake ulikwisha panda angani kiwandani, siku nyingi kabla yeye hajapanda basi.

Wafanyabiashara wameliona jambo hili, wakaipa gesi isiyo na rangi majina ya rangi. Huita ya kijivu ile itokayo katika gesi asilia, ya samawati ile ambayo hewa yake ya ukaa imenaswa na kuzikwa ardhini, na ya kijani ile iliyopasuliwa majini kwa nguvu ya jua au ya upepo. Kumwita asiye na rangi kwa majina ya rangi kwaweza kumchekesha mwanafunzi wa fasihi, lakini ni kichekesho chenye akili. Rangi hizo si sifa za kitu. Ni majina ya ukoo. Soko, ambalo kwa desturi halipendi kuuliza, limelazimika kukiri kuwa katika biashara hii kitu hakijulikani mpaka wajulikane wazazi wake.

Mpinzani atasema kuwa nasaba haina mwisho. Kioo kinachofunika chombo cha kupasulia maji kiliyeyushwa kwa gesi. Platini ilichimbwa chini sana ardhini, na nyingi huchimbwa Afrika ya Kusini na watu wanaoteremka gizani kabla ya jua kuchomoza. Lori lililoileta lilitumia dizeli. Akifuatwa babu wa kumi wa kila kitu, hapana kitakachosalia safi duniani, na neno lenyewe litakufa kwa kukataa kutumiwa. Upinzani huu una nguvu, na wengi wanaoutoa hawautoi kwa nia mbaya. Lakini wachanganya usafi na utakatifu. Hakuna aliyedai kuwa fedha safi ni fedha isiyowahi kupita katika mkono mchafu. Huitwa safi kwa kuwa mwenye nayo aweza kuifungua hesabu yake mbele ya watu, akaonyesha iliingiaje na kwa jasho la nani, na doa lililopo akalitaja mwenyewe kabla hajaulizwa. Nasaba hufuatwa mpaka pale ambapo mtu fulani alikuwa na hiari ya kutenda vingine. Zaidi ya hapo ni udadisi, na udadisi ni jambo jema, lakini si hukumu.

Kwa kipimo hiki, jaribio la kwanza la usafi wa moto huu haliko kiwandani bali liko maabarani, katika kalamu ya mtafiti. Sehemu ngumu ya kazi ya kuyapasua maji si kuipata hidrojeni. Ni kuitoa oksijeni, ambayo hudai elektroni 4 ziondolewe katika maji kwa utaratibu. Kwa sababu ya ugumu huo iko desturi ya kutia katika chombo kitu kingine, kama methanoli, ambacho hutoa elektroni zake kwa wepesi mno. Mapovu ya hidrojeni huwa mengi, na takwimu hupendeza. Oksijeni haionekani kabisa, kwa kuwa maji hayakulipa upande wao. Aliyelipa ni methanoli, nayo ikaangamia. Wanasayansi wenyewe hukiita kitu hicho kwa jina lenye maana ya kafara. Ni jina la kweli, la kweli kuliko baadhi ya makala yanayolitumia.

Njia hiyo si udanganyifu kwa nafsi yake. Mwenye kutaka kuchunguza nusu ya kazi ana haki ya kuifunga nusu nyingine. Walakini kichwa cha makala kinapotangaza hidrojeni iliyotoka majini kwa nuru ya jua, na kafara ikatajwa katika mstari mmoja wa herufi ndogo ukurasa wa tano, msomaji amepewa sahani alipoomba hesabu. Tena methanoli nyingi ya madukani hutengenezwa kwa gesi asilia au makaa ya mawe, yaani kwa vitu vilevile ambavyo moto safi ulikuja kuvistaafisha. Mtu amechoma gogo ili apate kijiti, kisha akakipiga picha kijiti.

Haifai kuwatia wote katika kapu moja. Mwaka 2021 Kazunari Domen na wenziwe wa Japani waliandika habari za uwanja wa mita za mraba 100, uliotandazwa vibao vyenye unga wa madini ya stronti na titani, ukapasua maji kwa jua la nje kwa muda wa miezi. Gesi mbili zilitoka zikiwa zimechanganyika, na mchanganyiko huo hulipuka kwa cheche. Basi waliutenganisha kwa utando, wakahakikisha usalama wake hata kwa kuiwasha gesi makusudi. Baada ya jitihada zote hizo waliandika kuwa sehemu ya nguvu ya jua iliyogeuka hidrojeni, katika hali iliyo bora, ilikuwa 0.76 kwa 100. Kwa lugha ya nyumbani, uwanja wenye ukubwa wa nyumba ya familia, jua likiwa kali, ulikusanya nguvu pungufu ya ile inayoliwa na pasi moja ya umeme. Walikuwa na njia nyingi za kuupamba uchache huo. Mwaka mmoja kabla, kundi hilohilo lilikuwa limeonyesha kuwa kichocheo cha namna hiyo chaweza kuitumia karibu kila punje ya nuru ya urujuanimno inayoipokea. Wangaliweza kuitanguliza habari hiyo na kuificha hii. Hawakuficha. Iko heshima katika nambari ndogo iliyoandikwa wazi ambayo nambari kubwa haipati, na kama tuzo zingetolewa kwa tabia na si kwa matokeo, ukurasa ule ungestahili moja.

Wengine wamepata zaidi. Mwaka 1998 katika maabara ya serikali ya Marekani sehemu 12.4 kwa 100 zilifikiwa, kwa chombo cha gharama kubwa kilichoharibika upesi. Mwaka 2023 Zetian Mi na wenzake wa chuo kikuu cha Michigan walieleza 9.2 kwa 100, kwa kuikusanya nuru kwa lenzi na kuyaacha maji yapate joto, kwa sababu katika joto lile hidrojeni na oksijeni hazirudiani upesi. Chombo kilipotolewa nje juani kikafikia 6.2. Safari inaendelea. Haikufika.

Na katika huko kutofika kuna hatari mbili za nafsi. Ya kwanza ni ya mwenye dhihaka, asemaye kuwa moto wa pasi moja haustahili maisha ya mwanachuoni. Huyu hajibiwi kwa maneno mengi: mimea mingi ya shambani huhifadhi kiasi cha sehemu 1 tu kwa 100 ya nuru iiangukiayo, wala hapana mkulima aliyeacha kulima kwa sababu hiyo. Hatari ya pili ni kubwa zaidi, nayo huja imevaa nguo za matumaini. Mtu husema kuwa moto safi uko njiani. Kwa hiyo hapana haraka ya kuuzima mchafu. Hujenga bomba la gesi leo akieleza kuwa kesho litapitisha hidrojeni, nyumba huendelea kupashwa joto kwa gesi ileile, na kesho hiyo husogezwa mbele kila mwaka kama tarehe ya harusi ya mchumba asiye na mahari. Hapo ahadi imegeuka ruhusa. Mtafiti hakuitoa ruhusa hiyo. Lakini imetolewa kwa jina lake, na kunyamaza kwake huwa muhuri. Tangu hotuba ya Ciamician mtu aweza kuhesabu vizazi vinne vilivyoambiwa kuwa nuru iko karibu. Kosa si la Ciamician. Hata hivyo, mwenye kuhubiri mavuno hapungukiwi na kitu akiongeza kila mara kuwa ghala bado ni tupu.

Kwa kuwa kichocheo cha kupasua maji kwa nuru moja kwa moja hakijakomaa, wenye haraka wamechagua njia ndefu iliyo tayari: kupata umeme kwa jua na upepo kwanza, kisha kuyapasua maji kwa umeme huo kama Nicholson na Carlisle. Njia hii hutaka mahali penye jua lisilokwisha, upepo mwingi, ardhi tupu na bahari ya kutoa maji. Mahali pamoja palipochaguliwa ni kusini ya Namibia, karibu na bandari ya Lüderitz. Mwezi wa Mei mwaka 2023 serikali ya nchi hiyo ilitia saini mkataba na kampuni ya Hyphen, ambayo ina wabia wa Kijerumani, kwa mradi unaokadiriwa dola bilioni 10: maji ya bahari yaondolewe chumvi, yapasuliwe, hidrojeni igeuzwe amonia na kusafirishwa ng'ambo. Ardhi yenyewe imo katika hifadhi ya Tsau ǁKhaeb.

Namibia haikukosea kutaka kuuza jua lake. Ni nchi inayonunua sehemu kubwa ya umeme wake kutoka kwa majirani. Vijana wengi hawana kazi, na nyumba nyingi hazina taa. Atakayewaambia watu hao wangoje mpaka dhamiri za wasomi zitulie, na awaeleze pia watakula nini wakati wa kungoja. Lakini neno tupu lina nasaba yake, kama neno safi. Mwaka 1883 mfanyabiashara Lüderitz alinunua ukanda wa pwani ile kwa Josef Frederiks, mkuu wa Wanama wa Bethanie. Mkataba ulitaja maili 20 kutoka pwani kwenda bara. Frederiks alijua maili za Kiingereza, ambazo moja ni kilometa 1.6, mnunuzi alipima kwa maili za Kijerumani, na moja yake ni kilometa 7.4. Karatasi ilikuwa halali na nambari ilikuwa moja. Nchi iliyokwenda ilikuwa zaidi ya mara nne. Kati ya 1904 na 1908 Waherero na Wanama waliangamizwa na jeshi la Wajerumani, na katika kisiwa kiitwacho Shark Island, hapohapo Lüderitz, wafungwa walikufa kwa baridi, njaa na kazi. Mwaka 1908 Zacharias Lewala, mfanyakazi wa reli, aliokota almasi mchangani. Mwaka huohuo serikali ya Wajerumani ikaitangaza nchi yote ile kuwa marufuku kwa watu. Ndivyo ilivyopata kuwa tupu. Ilikaa imefungwa kwa karne nzima, mpaka ikafanywa hifadhi mwaka 2008.

Mwaka 2021 serikali ya Ujerumani ilikiri, katika tamko la pamoja na Namibia, kuwa mauaji yale yalikuwa ya kuangamiza watu, na mwaka uleule Hyphen ilichaguliwa kuwa mshindi wa zabuni. Viongozi wa jadi wa Wanama wamelalamika kwamba upanuzi wa bandari waweza kuifukua mifupa ya wazee wao, nao wamedai washauriwe kabla na si baada.

Umoja wa Ulaya, ambao ndio utakaokuwa mnunuzi mkuu wa moto kama huu, uliweka kanuni zake mwaka 2023, nazo ni kali kwa haki. Mwenye kutaka hidrojeni yake ihesabiwe miongoni mwa zitokazo katika nguvu zisizokwisha hana budi kuonyesha umeme wake ulitoka katika mtambo gani, na kuanzia mwaka 2030 aonyeshe kuwa umeme na hidrojeni vilipatikana katika saa ileile moja. Nasaba ya umeme inafuatwa hadi saa. Nasaba ya mchanga ambao mitambo itasimama juu yake haimo katika kanuni hizo, na swali la Josef Frederiks, kuwa maili ni zipi, bado halijapata mahali pa kuandikwa.